Mgongo wa Bi Harusi

Sehemu ya Saba

"Mtoto mliyemuunguza yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo kati yenu walionitukana kwa kuwakatia utamu. Basi turudi Konde, nyumbani kwa Bi Mwatima. Afande Tatu, askari wa kike mwenye swali hilo, amesimama ukumbini na sare zake; sheha, kiongozi wa mtaa, yuko nyuma yake anatazama chini. Bi Mwatima kashika bakuli la singo, vidole vya njano mpaka kwenye vifundo. Na chumbani, nyuma ya pazia, Khairat amelala kifudifudi kwenye mkeka. Ndiye bi harusi wa Ijumaa. Amefungwa ndani, anasingwa, na hadi siku hiyo haruhusiwi kuonwa na mtu ila Bi Mwatima, somo yake, yaani mwanamke anayemfunda.

Bi Mwatima alimgeukia sheha.

"Sheha, kuna nini?"

"Jibu tu, Bi Mwatima. Mie nimeletwa."

"Nijibu nini? Humu hamna mtoto. Mie sikuzaa, na wewe wajua."

Afande Tatu alitoa simu ya kazini akaifungua. Akamnyooshea Bi Mwatima, huku mwili wake akiuweka baina ya simu na macho ya sheha. Kwa hilo nampa haki yake. Si mtu mbaya yule mwanamke, na wala si yeye ninayemkasirikia.

Ilikuwa picha ya mgongo. Mgongo mwembamba, umepakwa kitu cha njano kilichogeuka kahawia. Kimekauka, kimepasuka, na pembeni kinabanduka vipande vipande. Chini yake kulikuwa na maneno: "Mgongo wa Khairat huo. Leo kalia sana, unamuwasha, lakini atazoea. Ukikauka nnauparura. Kesho nampaka tena."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mie."

"Na picha umepiga wewe?"

"Nimepiga mie, nikampelekea Mwanamize, mchora hina wa Wete, auone mgongo ulivyo apime maua yake. Sasa nambie wewe, afande. Picha hino nimempelekea Mwanamize peke yake. Imefikaje kwako?"

"Imeletwa na kampuni ya Tumana."

Tumana, kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, ndiyo ile programu ya simu wanayotumia wanawake wote wa Konde kutumiana ujumbe. Tangazo lake lina picha ya kufuli. Linasema ujumbe wako ni wako na unayemtumia, basi.

"Mwanamize kawapa?"

"Hapana, mama. Kampuni ina mashine. Inapita ndani ya ujumbe wa watu inatafuta makosa. Ikiona kitu inachodhani ni mtoto anateswa, inatoa taarifa. Taarifa zikapita huko zinakopita, zikafika kwangu."

"Inapita ndani ya ujumbe wa watu," Bi Mwatima alirudia, taratibu.

"Ndiyo."

"Wa kila mtu?"

"Wa kila mtu."

Sasa mimi mwandishi wenu naomba nafasi niseme langu, halafu tuendelee. Zamani mtu akiifungua barua yako njiani alikuwa mwizi. Tulimjua ni mwizi, na yeye mwenyewe alijijua, alikuwa akiifungua kwa mvuke wa chai na kuigundisha tena kwa uji wa ngano. Leo anaifungua mchana kweupe, anaisoma, anaifahamu kombo, kisha anakuletea askari nyumbani. Na bado tunaambiwa tushukuru kwa kuwa tunalindwa.

Tuendelee.

Bi Mwatima sasa alikumbuka. Tangu Jumatatu Tumana yake ilikuwa imekufa. Alidhani bando limekwisha, akanunua jingine, halikusaidia. Kumbe walishamfungia. Walimhukumu Jumatatu na leo Jumatano ndiyo wanamuuliza.

"Afande, kwenu wapi?"

"Singida."

"Basi sikulaumu. Singo huijui." Akalisogeza bakuli mpaka chini ya pua ya mgeni. "Nusa. Karafuu hizo, huo msandali, humo mna waridi na asumini. Bi harusi anapakwa mwili mzima, ikikauka inaparuliwa, ngozi inabaki laini. Karafuu inawasha siku za mwanzo, ndiyo kalia. Mie mwenyewe nililia, na mamaangu alilia. Hakuna aliyeungua."

Afande Tatu alinusa. Uso wake ulilegea kidogo, kisha ukakaza tena.

"Mama, mimi mwaka jana nilimtoa mtoto kwenye nyumba moja, mgongo wake ulikuwa hivi hivi. Na mwenye nyumba alinipa maneno matamu kuliko haya yako. Nikamwamini, nikaondoka. Nilirudi baada ya wiki, nimechelewa. Siondoki tena nyumba ya mtu kwa maneno. Nataka kumuona Khairat."

"Haonwi."

"Mashine imesema ni mtoto."

"Mashine imwambie mamaake. Khairat ana miaka ishirini na mbili. Ni mdogo wa umbo tu, kama marehemu mama yake."

"Basi atoke nimuone, niuone na mgongo. La sivyo natoka na wewe, na kesi hizi za udhalilishaji hazina dhamana. Ijumaa itakukuta ndani."

Nyuma ya pazia Khairat aliyasikia yote. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza skuli. Bi Mwatima ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfunga ushungi wa kwanza, na ndiye atakayemkabidhi kwa mumewe. Bila Bi Mwatima hakuna harusi. Lakini bi harusi aliyetolewa ndani kabla ya siku yake, akafunuliwa mbele ya askari, naye ana harusi gani? Konde nzima ingejua kabla ya magharibi.

Alikuwa angali anawaza hayo mlango wa mbele uliposukumwa.

Aliyeingia hakubisha hodi. Alikuwa Bi Shamima, mama yake Hamdan, mkwe mtarajiwa, buibui limekaa upande na simu mkononi. Nje barazani mumewe, Mzee Jecha, alibaki anavua viatu na kuvaa tena, hajui aingie au akae.

"Mwatima," alisema Bi Shamima, "mwana kaungua, mnatufichia?"

Bi Mwatima aliweka bakuli chini.

"Shamima, salamu kwanza."

"Salamu utapewa na mwengine. Tazama." Akageuza simu. Ilikuwa picha ile ile. Mgongo ule ule, maneno yale yale chini yake. "Mwana kaungua mgongo mzima, nyie mnampakapaka dawa za siri ili mtubambikie sie Ijumaa. Na mwanangu akifunua usiku wa harusi aone nini? Kwa nini hamkusema? Tungewakataa kwa heshima."

Aliyeduwaa zaidi ya wote alikuwa Afande Tatu.

"Mama, hiyo umeipata wapi?"

"Kanipelekea dada yangu. Yeye kaipata kwenye grupu la akina mama. Imo kila mahali, binti. Kwani wewe unatoka wapi hujaiona?"

Afande aliitazama simu yake, akaitazama simu ya Bi Shamima. Picha aliyoileta yeye aliificha ili sheha asiione. Kumbe kabla haijafika kwake imepita mikononi mwa watu asiowajua, na mmoja wao alikuwa na kidole chepesi. Mashine iliyotumwa kumlinda mtoto ambaye hayupo ilikuwa imemvua nguo mwanamke ambaye yupo.

"Nani kaitoa?" Bi Mwatima aliuliza. "Afande, nakuuliza. Mie nilimpelekea mtu mmoja. Nani kaitoa?"

"Sijui, mama."

"Mnajua Khairat kalia. Mnajua nilimparura. Hilo hamulijui?"

"Mie sina haja na nani kaitoa," alisema Bi Shamima. "Harusi hamna. Nimekuja kusema hilo nirudi zangu."

Pazia likafunguka.

Khairat alikuwa amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani imeshuka mpaka kwenye magoti, na singo imemkauka shingoni. Macho yake yalikuwa makavu. Bi Mwatima alitaka kumzuia, akaishia kunyoosha mkono.

"Sheha," alisema Khairat, "naomba uende barazani. Na mlango ufungwe."

Sheha alitoka haraka kuliko alivyoingia, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mwanangu, rudi ndani," Bi Mwatima alinong'ona. "Wacha wanichukue. Watanirejesha."

"Hawakurejeshi, mama. Umemsikia." Akamgeukia afande. "Wewe unataka kuona mgongo. Na wewe, mama mkwe, unataka kuona mgongo. Na huko kwenye magrupu washauona. Basi hakuna aliyebaki ila mie mwenyewe, mie ndiye sijauona."

Akawapa kisogo, akaifunua kanga mgongoni. Akachukua kitambaa kilichokuwa kimelowekwa kwenye beseni, akamkabidhi afande.

"Futa mwenyewe. Usije ukasema nimebadilisha."

Afande Tatu alisita. Mkono wake uliokwishafunga pingu watu wazima ulikuwa hautaki kwenda. Mwishowe akafuta, polepole, kutoka begani kushuka. Singo ikabanduka. Chini yake ngozi ilitoka nyororo, imetakata, haina kovu wala baka. Harufu ya karafuu na waridi ikajaa ukumbi mzima.

"Na miaka yangu ishirini na mbili," alisema Khairat, angali amewapa kisogo. "Kitambulisho kipo chumbani. Kitoe, kisome, kipige picha na chenyewe kama desturi yenu. Umeona jeraha?"

"Sijaona."

"Mama mkwe, njoo na wewe. Si umekuja kwa miguu yako? Shika."

Bi Shamima hakutaka kusogea, lakini ule ulikuwa si wakati wa kutaka. Aligusa kwa ncha za vidole, kisha kwa kiganja kizima.

Khairat akajifunika, akageuka. Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, na hasira ndiyo iliyoikata.

"Nimetolewa ndani. Nimefunuliwa mbele ya askari na mbele ya mama wa mume wangu, ambaye hata sijamuamkia. Mgongo wangu wanaume wa kisiwa kizima wanao kwenye simu zao, na mume wangu mwenyewe hajauona. Nimekosa nini mie? Nambieni kosa langu, mmoja wenu, nilijue. Nimepakwa singo. Hilo ndilo kosa. Nimepakwa singo na mashine haijui singo ni nini, na mwenye mashine hakuona haja ya kuuliza."

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Shamima. Alimwekea mkono begani. "Nimekuja na mdomo mbele. Nisamehe. Harusi ipo, na anayetaka kusema kuhusu picha hiyo aje aniseme mie mbele ya uso wangu. Nitamuosha."

Khairat mkono ule begani hakuuondoa.

Ningeweza kuishia hapa nikawaacheni na furaha kidogo. Wengi mngependa. Ila Afande Tatu, aliyekwisha kukisoma kitambulisho, alikuwa bado hajafunga simu yake.

"Suala la picha limekwisha," alisema. "Nitaandika kwamba nimemkuta mtu mzima, mzima wa afya. Lakini mama Mwatima, kuna la pili. Kampuni haikuleta picha peke yake. Imeleta mazungumzo yote ya akaunti yako."

"Yote yapi?"

"Yote. Tangu ulipoifungua."

Bi Mwatima alitafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kinu kilichokuwa kando ya ukuta, na hakujali kwamba mwanamke wa heshima hakalii kinu.

Msomaji wa mbali na kwetu huenda akashangaa. Bi Mwatima ni somo wa nusu ya wanawake walioolewa Konde. Somo hamfundishi bi harusi akaondoka. Yeye ndiye anayeambiwa maisha yote yanayofuata: mume kafanya nini, kashindwa nini, mimba gani imetoka, nani anapigwa na mlango umefungwa. Mama mzazi haambiwi hayo. Zamani yalisemwa sikioni, jikoni, huku nazi inakunwa ili watu wasisikie. Kisha mabinti wakaenda Maskati na Dar es Salaam na waume zao, na hata wa hapa hapa wakaona uvivu wa kutembea, wote wakahamia Tumana. Sikio la somo wakalitia ndani ya simu, wakadhani ni sikio lile lile. Hilo ndilo kosa lao, nami siwezi kuwacheka, maana na mimi nimefanya vivyo hivyo.

"Umesoma?" Bi Mwatima aliuliza.

"Sijasoma yote. Mashine imetia alama penye makosa. Nimesikiliza penye alama tu. Kuna ujumbe wa sauti, umetumwa mwezi wa Ramadhani. Namba iliyotuma haipatikani tena. Nataka uniambie ni nani huyu."

Akabonyeza.

Mwanamke alikuwa analia na kusema kwa wakati mmoja. "Mwatima, kaoa. Kaoa kwa siri na mie naambiwa na watu sokoni. Nimempikia miaka yote hino. Naapa nitamtilia dawa ya panya ndani ya uji wake wa futari, anywe, nimzike, nikae eda yangu kwa raha zangu."

Sauti ilikwisha. Nje, barazani, mtu alikohoa.

Bega la Khairat likawa jepesi. Mkono uliokuwa juu yake ulikuwa umeondoka.

Hakugeuka kumtazama Bi Shamima. Hakuwa na haja. Sauti ile ndiyo iliyosema "mwana kaungua, mnatufichia" muda mfupi uliopita.

"Ni maneno ya mke aliyeletewa mwenza," alisema Bi Mwatima. "Nina mengi ya namna hiyo humo. Wanawake wote wamekwisha kuwaua waume zao kwangu mie. Wanasema, wanalia, wanafuta kamasi, wanakwenda kupika. Kazi yangu ni kusikia wasije wakafanya."

"Huenda ni hivyo. Nataka jina nimuulize mwenyewe."

"Somo hatoi jina."

"Mama, kuna mtu ameahidi kutia sumu."

"Nimesikia kabla yako. Sitoi."

"Nilikuja kukukamata kwa kosa ambalo hukulifanya," alisema Afande Tatu, na uso wake ulionesha hapendi anachokisema. "Usinifanye niondoke na wewe kwa hili. Kuficha ni kosa kweli."

Bi Mwatima alinyanyuka. Akaenda kwenye msumari ukutani, akatwaa buibui lake, akaanza kulivaa juu ya vidole vile vile vya njano.

Khairat sasa aligeuka. Alimtazama Bi Shamima usoni, akangoja. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye neno alikuwa mmoja. Mwanamke aliyeingia nyumba ya watu bila ya salamu, akadai kuoneshwa kilichofichwa, sasa alikuwa anatazama mkeka na midomo imembabuka kwa ukavu. Khairat angeweza kulisema yeye. Angemuokoa aliyemlea na kumfunga mama wa mumewe, na Ijumaa ingezikwa hapo hapo.

"Mama mkwe," alisema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makelele, "mie nimeshafunuliwa leo. Zamu yako."

Bi Shamima hakuinua macho.

"Twende, mama," Afande Tatu alimwambia Bi Mwatima, akaufungua mlango.

Mzee Jecha alikuwa amesimama kizingitini. Hakuwa amevaa viatu. Alikuwa karibu mno na mlango kwa mtu aliyefika hapo sasa hivi.

"Afande, muache somo wa watu," alisema. "Sauti hiyo ni ya mke wangu."

Alimtazama Bi Shamima kama mtu anayepiga hesabu ambayo hataki itimie.

"Na mie Mfunguo Mosi, siku chache tu baada ya Ramadhani hiyo, nililazwa, natapika damu, na madaktari hawakujua mpaka leo nilikula nini."